Mbona kapata B? Alama za Fizikia chuoni zinavyopatikana

Matokeo ya semista yakitoka tu simu za wazazi zinaanza kuingia, kutoka Igoma mpaka Sengerema, na swali ni lilelile, mtoto anasema UE, yaani mtihani wa mwisho wa semista, kaifanya vizuri, mbona kapata B?

Vyuo vyetu vingi UE inabeba 60 tu. Zile 40 mwanafunzi anazikusanya mwenyewe tangu wiki za mwanzo, tesiti, asaimenti na ripoti za maabara. Chukua wawili, wote wana 33 kwenye UE. Wa kwanza aliingia na 28, jumla 61, na kwa ngazi zinazotumika sana 60 hadi 69 ni B+, pointi 4. Wa pili kuna ripoti hakukusanya akaingia na 22, jumla 55, hiyo ni B, pointi 3. Kozi ikiwa ya krediti 12 (krediti ndo uzito wa kozi), unazidisha na pointi, mmoja ana 48 mwingine 36, na GPA, yaani wastani wa pointi zako, ndo inatoka hapo, unajumlisha za kozi zote unagawa kwa jumla ya krediti, so kozi yenye krediti nyingi ukiichezea inakuumiza zaidi.

Ila kinachoniuma mimi ni maabara. Mtu anapima g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, kwa pendulamu, anapata 9.6, anaogopa, anafuta anaandika 9.81 kwa sababu ndo aliyokariri sekondari. Jamani, Mwanza tuko jirani kabisa na ikweta, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, vyote viwili vinapunguza g, hapa ni kama 9.78, sasa ukiniletea 9.81 wakati vipimo vyako kwenye jedwali haviendi huko naona kabisa umepika. Ile 9.6 ina alama! Nioneshe jedwali, grafu ya T mraba (T ni muda wa bembeo moja, kwenda na kurudi) na urefu wa uzi, mteremko umeupataje, na jibu linaweza kupanda au kushuka kwa kiasi gani. Tunasahihisha njia. Hata kwenye UE mchoro na fomula vina alama zake, na jibu lisilo na yuniti linakatwa.

Sup nayo, yaani mtihani wa marudio kwa aliyefeli, vyuo vingi hata uipige vipi inaandikwa C.

Kwa hiyo zile 40 zikibandikwa kabla ya UE nenda kazikague, ripoti yako isipoonekana njoo na nakala mapema, maana matokeo yakishapita seneti ni fomu ya rufaa na ada juu.