Uzito wa ratiba kwenye kikapu cha wanawake vyuo vya Marekani, maana yake nini?

Tangu Madina Okot wetu aende kucheza kule, kwanza Mississippi State halafu South Carolina, Wakenya wengi tumeanza kufuatilia kikapu cha akina dada wa vyuo vya Marekani, na kila Novemba swali ni lile lile: timu imeshinda mechi zote nane, mbona inawekwa chini ya timu iliyopigwa mara mbili? Jibu ni uzito wa ratiba, yaani umecheza na nani na mmechezea kwa nani.

Ujue kule hakuna shirikisho linalompangia kila mtu mechi zake zote. Konferensi, yaani ligi za vyuo kama SEC ama Big Ten, zinapanga mechi za kuanzia mwisho wa Desemba hivi, lakini nyingi za kabla ya hapo chuo kinajitafutia chenyewe, makocha wanapigiana simu, mwaka huu njooni kwetu mwakani tunakuja kwenu. Ama chuo kikubwa kinalipa chuo kidogo maelfu ya dola kije kufungwa, na hizo ndizo mechi zinazoniuma, robo ya pili tu watu washatoa simu mfukoni, mastaa wako benchi na taulo shingoni, wale wadogo wanakimbizwa tu mpaka kipenga cha mwisho na hakuna aliyejifunza kitu.

Kamati inayochagua timu 68 za mashindano ya Machi inalijua hilo, ndiyo maana haihesabu ushindi peke yake, inaangalia pia kipimo kinaitwa NET, kinachopanga timu kwa matokeo yake na nguvu ya waliocheza nao, na kumpiga mkubwa ugenini kunabeba uzito kuliko kumpiga kwako.

Angalia msimu wa 2024-25. South Carolina ya kocha Dawn Staley ilienda Los Angeles mwezi Novemba ikafungwa na UCLA 77-62, mechi 43 za kushinda mfululizo zikaishia hapo. Baadaye Texas wakawapiga, halafu Februari UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, wakaja mpaka kwao wakawatandika 87-58. Vichapo vitatu. UConn nao walikuwa na vitatu. Lakini kwenye kupanga makundi ya Machi, South Carolina wakapewa namba moja kwenye kundi lao na UConn namba mbili kwenye kundi lingine, kwa sababu SEC kila wiki unakutana na mtu mzito, na konferensi ya UConn, Big East, haiko hivyo, ndiyo maana kocha wao Geno Auriemma anahangaika kutafuta wakubwa nje. Fainali wakakutana tena, UConn 82-59!

Na faida siyo heshima tu. Timu 16 za juu zinacheza raundi mbili za kwanza kwenye uwanja wao, na mashabiki wao.

Wanaoumia ni wale wazuri wa konferensi ndogo. Kocha anapiga simu, mkubwa hataki kuja, maana akifungwa ni aibu na akishinda hapati cha maana. Mimi naona kila timu kubwa ilazimishwe angalau safari moja ya hivyo kwa msimu, kwa sababu kuna mabinti wanajua mpira kabisa na mpaka wanamaliza chuo hakuna mkubwa aliyewahi kukanyaga uwanja wao.