Bafa ya Sauti: Kwa Nini Rekodi Hukatika Hata Kwenye Kipakatalishi Chenye Nguvu

Bafa ya sauti ni sehemu ndogo ya kumbukumbu ya kompyuta ambamo sauti huhifadhiwa kwa muda mfupi sana, ama inapotoka kwenye maikrofoni kuelekea kwenye programu ya muziki, ama inapotoka kwenye programu kuelekea kwenye spika. Mtu anayerekodi kwa kipakatalishi, awe na studio ya kukodisha pale Kondele, mtaa wa Kisumu, au kona tu ya chumba chake cha kulala, anaitegemea bafa hiyo kila sekunde, na mikwaruzo mingi inayoharibu rekodi huanzia hapo.

Sauti ndani ya kompyuta ni mfululizo wa namba zinazoitwa sampuli. CD hutumia sampuli 44,100 kwa sekunde, na video kwa kawaida hutumia 48,000. Kompyuta haizishughulikii sampuli hizo moja moja, bali kwa mafungu, na ukubwa wa fungu moja ndio ukubwa wa bafa. Ukichagua bafa ya sampuli 256 katika kiwango cha 44,100, kila fungu lina sauti ya milisekunde 5.8, na ndani ya muda huo programu inapaswa kuwa imemaliza hesabu zote za fungu linalofuata: gitaa, besi, ngoma, mwangwi uliowekwa kwenye sauti ya mwimbaji, kila kitu. Ikichelewa hata mara moja, kadi ya sauti, yaani kifaa kinachozigeuza namba hizo kuwa sauti, hukosa cha kupiga, nawe husikia mlio mkavu wa "tak". Ndiyo maana kompyuta yenye kasi kubwa kwa wastani inaweza kukatakata sauti, ilhali nyingine ya kawaida, iliyoandaliwa vizuri, ikarekodi siku nzima bila tatizo.

Bafa hufanya kazi kama tangi la maji juu ya paa: likiwa kubwa, mfereji huendelea kutiririka hata maji ya kaunti yakikatika kwa muda, na likiwa dogo hukauka upesi. Lakini ukubwa huo una gharama. Bafa ya sampuli 1,024 huchukua takriban milisekunde 23, na kwa kuwa sauti hupita kwenye bafa ikiingia na tena ikitoka, ucheleweshaji hufika milisekunde 46 au zaidi. Mfikirie mpigaji wa nyatiti, mwenye nyuzi nane mikononi na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu anayoigongesha kwenye mbao za ala yake. Mlio huo humfikia kwanza moja kwa moja, kisha humrudia kwenye hedifoni ukiwa umechelewa, sawa na kuisikiliza ala yake akiwa umbali wa zaidi ya mita 15. Hata fundi hodari hupoteza mwendo hapo. Kwa hiyo, wakati wa kurekodi, bafa hupunguzwa hadi 128 au hata 64, na wakati wa kuchanganya sauti, ambapo hakuna anayepiga ala, hupandishwa hadi 1,024.

Bafa ndogo ndiyo inayofichua kasoro za maandalizi. Katika Windows, draiva za vifaa, yaani programu ndogo zinazoiunganisha kompyuta na vifaa vyake, hupewa nafasi mbele ya programu za kawaida, na draiva mbovu, mara nyingi ya Wai-Fai, inaweza kuishikilia prosesa kwa milisekunde kadhaa. Programu ya LatencyMon huonyesha ni draiva ipi inayofanya hivyo. Kwangu mimi, kuzima Wai-Fai na Bluetooth kabla ya kurekodi ni hatua ya kwanza, kabla ya mtu kufikiria kununua kompyuta nyingine. Baada ya hapo, sitisha masasisho na programu zinazopakia mafaili mtandaoni.

Umeme unastahili uangalifu wa pekee. Vipakatalishi vingi hupunguza kasi ya prosesa vinapotumia betri, na mipangilio ya kuokoa nishati inaweza kuilaza milango ya USB, ambako kadi ya sauti ya nje imechomekwa. Umeme ukipotea katikati ya wimbo, kipakatalishi huendelea kuwaka, lakini kinaweza kuhamia kwenye mipangilio ya betri papo hapo, na rekodi ikaanza kukwaruza huku mwimbaji akiendelea kuimba. Weka mipangilio ya betri iwe sawa na ile ya umeme wa ukutani. Joto la Kisumu nalo lina athari, kwa kuwa prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe. Kipakatalishi kiwekwe juu ya meza ngumu, kamwe si juu ya godoro.

Katika Windows, chagua draiva ya ASIO iliyotolewa na watengenezaji wa kadi yako, kwa sababu huipeleka sauti kwenye kadi bila kuipitisha kwenye kichanganyaji cha Windows. Mac hutumia Core Audio, ambayo tayari imo ndani ya mfumo. Hedifoni za Bluetooth zisitumike kurekodia, kwani huongeza ucheleweshaji ambao bafa ndogo haiwezi kuuondoa. Ikiwa kipakatalishi bado kinashindwa na bafa ya 128, kadi nyingi za nje zina kitufe cha kumsikilizisha mwimbaji sauti yake moja kwa moja, kabla haijaingia kwenye kompyuta. Kwa njia hiyo bafa inaweza kubaki kubwa, ingawa mwimbaji hatausikia mwangwi unaotengenezwa na programu.