Jua la Mtwara Ndani ya Modeli ya 3D

Kila wanafunzi wa usanifu majengo wanapokuja kwetu Mtwara kwa mafunzo ya vitendo, huja na imani ileile, nami sasa siwezi tena kuinyamazia: kwamba kujifunza modeli ya 3D, yaani jengo lililochorwa kwenye kompyuta kwa urefu, upana na kimo, ni kujifunza kurenda, yaani kuigeuza modeli kuwa picha inayofanana na halisi, na kwamba kinachowakwamisha ni kompyuta isiyo na nguvu. Sivyo hata kidogo. Modeli ni jengo linalojengwa kwa mara ya kwanza, na picha ni zao lake tu. Modeli mbovu iliyorendwa vizuri hubaki mbovu, na hatari yake huzidi kwa sababu mteja huiamini.

Ya msingi nayapita haraka. Weka vipimo katika milimita kabla ya mstari wa kwanza, kila sehemu iwe ndani ya grupu au komponenti yake, yaani vifungu vinavyoishika pamoja kama kitu kimoja, na ukuta uwe na unene wake halisi. Tofali la saruji la inchi 6 lina takriban milimita 150 kabla ya plasta. Ukichora ukuta mwembamba kama karatasi, unamwonyesha mteja chumba kikubwa kuliko kile atakachojengewa.

Ninalotaka kukaa nalo ni jua. SketchUp, programu ya kuchora modeli za 3D ambayo wengi wao huanza nayo, ilizaliwa katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado nchini Marekani, na kwa kawaida modeli isiyopewa mahali pake huhesabu vivuli kana kwamba jengo liko huko, nyuzi 40 kaskazini mwa ikweta, ambako jua la adhuhuri hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Mtwara iko nyuzi 10 na ziada kusini mwa ikweta. Hapa, adhuhuri ya Juni jua huwa upande wa kaskazini, nyuzi 56 hivi juu ya upeo wa macho, na Desemba huhamia kusini, likiwa juu zaidi, kwenye nyuzi 77. Kwa hiyo naletewa picha za kupendeza ambamo ukuta wa kaskazini umetulia kivulini mwezi Juni, ilhali ndio ukuta utakaopigwa na jua msimu huo, na nikiuliza sababu naambiwa kuwa programu ndiyo iliyoweka vivuli.

Kosa hilo huishia kwenye paa. Tuchukue dirisha ambalo ukingo wake wa chini uko mita 1.5 chini ya upenu. Ili likingwe lote adhuhuri ya Juni, upenu wa kaskazini unapaswa kutokeza takriban mita 1. Upande wa kusini, adhuhuri ya Desemba, sentimita 35 zinatosha. Dirisha linalotazama magharibi ni shauri jingine kabisa: saa kumi alasiri mwezi Juni lingehitaji upenu wa zaidi ya mita 2, na huo si upenu tena bali ni baraza. Hayo yote modeli huyaonyesha kwa muda mfupi, hata kwenye kompyuta dhaifu, mradi umeiambia jengo liko wapi na kaskazini ni ipi.

Hata hivyo nina shaka ambayo vitabu vya mafunzo huipita kimya. Kivuli sahihi hakihakikishi chumba chenye nafuu. Katika pwani hii yenye unyevu, nafuu hutokana zaidi na upepo, kusi kutoka kusini-mashariki na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, na modeli ya kawaida haionyeshi upepo. Nimeona wanafunzi wakielewa somo la jua vizuri, kisha wakaziba madirisha kwa vizuizi vinavyoleta kivuli na kufungia hewa nje, nami najiuliza kama msisitizo wangu haujawaelekeza huko.

Kwa sasa, kabla hatujazungumzia vioo, miti na magari ya kupamba picha, nadai picha sita zisizo na rangi: tarehe 21 Juni na 21 Desemba, kila moja saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa kumi alasiri, pamoja na ramani ya sakafu ambayo mwanafunzi amechora juu yake, kwa penseli, mishale ya kusi na kaskazi, na njia ambayo kila upepo utaingilia na kutokea.