Usizime ruta kabla hujasoma anwani

Neti ikigoma nyumbani, mkono wa kwanza huenda kwenye waya wa umeme wa ruta. Chomoa, hesabu kidogo, chomeka. Mara nyingi inakubali, ndiyo maana tabia hii haifi. Mimi ni fundi wa mitandao na sina ugomvi na kuzima ruta. Ugomvi wangu ni kuizima kabla ya kuangalia chochote. Ruta nyingi za nyumbani hutunza taarifa za makosa kwenye kumbukumbu ya muda tu, kwa hiyo ukikata umeme zinapotea, pamoja na orodha ya vifaa vilivyokuwa vimeunganishwa muda ule. Tatizo likirudi unaanza tena mikono mitupu.

Intaneti ya kugawana ina faida ambayo mwenye kompyuta moja hana: mashahidi. Kompyuta yako haifungui kurasa. Je, simu iliyo chumba cha pili inafungua? Kama kifaa kimoja tu ndicho kimekwama, iache ruta ifanye kazi yake na ushughulike na hicho kifaa. Kama vyote vimekwama, hakuna maana ya kuhangaika na mipangilio ya kompyuta yako. Na kama vya Wi-Fi vimekufa huku ile kompyuta ya waya inaendelea vizuri, basi tatizo liko hewani, si kwa mtoa huduma.

Angalizo kwenye ushahidi wa simu: zima data ya simu kwanza. Simu nyingi zikiona Wi-Fi haina intaneti hurudi kwenye data kimyakimya. Mwenye simu atakuapia kwamba "kwangu inashika", na wewe utazunguka nyumba nzima ukitafuta kosa mahali ambapo halipo.

Baada ya hapo soma anwani ya IP, yaani namba inayokitambulisha kifaa chako kwenye mtandao. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike ipconfig. Kwenye simu gusa jina la Wi-Fi uliyounganishwa nayo, anwani itaonekana kwenye maelezo yake. Namba hiyo ina habari nyingi kuliko alama ya Wi-Fi iliyojaa, maana alama ile inakuambia tu kwamba unaisikia ruta vizuri. Haisemi lolote kuhusu intaneti.

Anwani za ndani ya nyumba kwa kawaida huanza na 192.168, au na 10, au zipo kati ya 172.16 na 172.31. Makundi haya matatu yametengwa kwa mitandao binafsi, kwa utaratibu ulioandikwa mwaka 1996 katika waraka wa RFC 1918. Ukiona moja ya hizo, kifaa kimepewa anwani, endelea mbele. Ukiona 169.254, kifaa kimejipa anwani chenyewe baada ya kuomba na kukosa wa kumjibu. Huduma inayogawa anwani inaitwa DHCP, na nyumbani kwa kawaida huwa ndani ya ruta. Kwa hiyo 169.254 maana yake ombi halikufika, au lilifika likakuta huduma imezimwa, au akiba ya anwani imekwisha. Hili la mwisho hutokea mtu akiwa amepunguza akiba hiyo hadi anwani kumi hivi, halafu nyumba ikajaa simu, runinga na spika zinazotaka Wi-Fi.

Ukiona 192.168.137, intaneti yako inapitia kwenye kompyuta ya Windows inayowagawia wengine. Windows imekuwa na uwezo huo tangu Windows 98 toleo la pili, mwaka 1999. Mpango huu unafanya kazi, ila una udhaifu wake: kompyuta hiyo ikilala, nyumba nzima inakatika. Pia hutokea ikawashwa upya na ugawaji usirudi, ingawa alama ya tiki bado ipo kwenye mipangilio. Ondoa tiki, hifadhi, iweke tena, hakikisha umeiweka kwenye kadi ya mtandao inayopokea intaneti na si ile inayoigawa. Kwa nyumba yenye watu zaidi ya wawili ningenunua ruta.

Sasa tufike kwenye kisa ninachokikuta kuliko vyote. Vifaa vingine vina 192.168.1 na kimoja au viwili vina 192.168.0. Vyote vipo kwenye Wi-Fi, alama zimejaa, lakini hivyo viwili havina intaneti. Kesho yake vinapata, na vingine ndivyo vinakosa. Hapo tafuta ruta ya pili. Mtu alitaka Wi-Fi ifike chumba cha mwisho, akachukua ruta ya zamani, akaichomekea waya kwenye moja ya matundu ya LAN, yale ya vifaa vya ndani ya nyumba, akafurahi kuona alama zimepanda. Hakuzima DHCP yake. Sasa nyumba ina wagawaji wawili wa anwani wasiojuana. Kifaa kikiomba anwani, kwa kawaida hukubali jibu linalotangulia kufika. Likitoka kwenye ruta ya zamani, kifaa kinaelekezwa kupitisha kila kitu kwake, nayo haina waya wowote kwenye tundu la WAN, lile la kupokea intaneti. Pakiti, yaani vipande vya data, zinafika pale na kuishia pale.

Unaona kwa nini kuzima na kuwasha hapa ni bahati nasibu? Kila mara unachezesha upya nani atawahi kujibu.

Dawa: ingia kwenye mipangilio ya ruta ya zamani, zima DHCP, ipe anwani iliyo katika mtandao wa ruta kubwa lakini nje ya zile zinazogawiwa, mfano 192.168.1.2, halafu unganisha LAN kwa LAN. Fanya mabadiliko hayo ukiwa umeichomoa kwenye mtandao, hasa kama ruta zote mbili zilikuja na 192.168.1.1 kutoka kiwandani. Zikikaa pamoja na anwani moja, vifaa vitakuwa vinamwendea huyu mara hii na yule mara nyingine, na utafikiri nyumba imelogwa.

Wengine huchomeka ruta ya pili kupitia tundu la WAN. Hapo intaneti hupatikana, ila anwani zinabadilishwa mara mbili njiani, na vifaa vya pande mbili havionani kama inavyotakiwa: printa iko kwa ruta hii, kompyuta iko kwa ile, na magemu ya mtandaoni yanalalamika. Andika tracert -d 1.1.1.1, amri inayoonyesha hatua ambazo data inapitia, uangalie hatua za mwanzo. Mbili mfululizo za 192.168 ni dalili kubwa ya hali hiyo. Ukikuta inayoanzia 100.64 hadi 100.127, hiyo ni ya mtoa huduma wako, anayegawanya anwani moja ya nje kwa wateja wengi. Kwako hakuna cha kurekebisha.

Anwani ikiwa sawa, piga ping, amri inayouliza kama anwani fulani inajibu, kwa mpangilio. Kwanza lango, yaani anwani ya ruta uliyoiona kwenye ipconfig. Halafu namba ya nje, 1.1.1.1 ya Cloudflare au 8.8.8.8 ya Google. Mwisho jina la tovuti yoyote. Lango lisipojibu, shida ni kati yako na ruta. Lango likijibu na namba za nje zikakaa kimya, shida ni kati ya ruta na dunia. Namba zikijibu na jina likagoma, intaneti unayo. Kilichokufa ni DNS, huduma inayogeuza majina kuwa namba. Weka 1.1.1.1 kama seva ya DNS kwenye kompyuta moja ujaribu, na ikikubali ihamishie kwenye ruta ili wote wafaidike. Kumbuka tu kwamba vifaa vingine vimewekwa visijibu ping kabisa, kwa hiyo jibu nalichukua kama ushahidi kamili, kimya nakichukua kama tuhuma.

Kuna malalamiko ya aina nyingine: "ipo, lakini inajivuta." Hapa watu hulaumu anayetazama filamu. Mimi huanza na anayepakia. Njia ya kupandisha data katika nyumba nyingi ni nyembamba kuliko ya kushusha, na simu ikianza kuhifadhi picha na video zake mtandaoni inaijaza yote. Pakiti za wengine zinapanga foleni ndani ya ruta au modemu. Hata anayeshusha anaathirika, kwa sababu kila anachopokea lazima arudishe taarifa kwamba kimefika, na taarifa hizo ziko kwenye foleni ileile.

Kulipima ni rahisi. Acha ping -t 1.1.1.1 ikikimbia wakati nyumba imetulia, uone milisekunde ngapi. Halafu mwambie mtu apakie video kubwa. Ikitoka 30 ikapanda hadi 800, umemkamata. Kununua kasi kubwa zaidi hupunguza makali tu, foleni yenyewe inabaki. Tafuta kwenye ruta mpangilio wa kusimamia foleni unaoitwa SQM, au fq_codel, au CAKE, uweke kikomo cha kupakia chini kidogo ya kasi uliyoipima, kama asilimia 90. Ruta yako ikiwa haina hayo, panga simu zihifadhi picha usiku watu wakiwa wamelala.

Kuhusu Wi-Fi yenyewe sitakaa sana. Kwenye masafa ya 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11, maana za katikati zinaingiliana na majirani wa pande zote mbili. 5 GHz ina kasi lakini kuta huichosha. Na kabla ya kununua chochote, itoe ruta nyuma ya runinga.

Kuna ugonjwa mmoja wa ajabu ambao huwachanganya hata mafundi: tovuti fulani zinafunguka, nyingine zinaganda katikati, na ping zote ni nzuri. Shuku ukubwa wa pakiti. Kawaida ni baiti 1500, lakini laini zinazotumia PPPoE, njia ambayo baadhi ya watoa huduma huunganishia wateja wao, hubeba 1492 tu. Andika ping -f -l 1472 1.1.1.1 kwenye Windows. Ukiambiwa pakiti inahitaji kugawanywa, punguza hiyo 1472 hadi ipite, ongeza 28, na namba utakayopata uiweke kama MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, kwenye ruta. Na kama kifaa kimoja kinakataa tovuti zote kwa onyo la usalama, angalia saa na tarehe yake kabla ya yote.

Ikibaki kwamba kosa ni la mtoa huduma, chomeka kompyuta moja kwa waya kwenye kifaa chake ujaribu tena, halafu piga simu. Usiseme "neti haipo." Sema lango linajibu, 1.1.1.1 haijibu, ni kwa vifaa vyote, hata kwa waya, tangu saa fulani. Hapo wanakosa sababu ya kukuambia uzime na kuwasha. Kama ni laini ya faiba na taa ya LOS inawaka nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa: angalia kama ule waya mwembamba umekunjwa au umechomoka, usichungulie ndani ya ncha yake, na waite waje.