Kupimwa macho hakuhitaji kujua kusoma

Wapo Dar es Salaam wanaoamini kwamba asiyejua herufi za kawaida za chati hawezi kupimwa macho, na baadhi ya wazee, wakiwamo wanaosoma Kurani vizuri kwa Kiarabu, hubaki nyumbani kwa kuona haya. Imani hiyo si kweli. Ipo chati ya alama ya E iliyogeuzwa pande nne, ambapo mtu huonyesha kwa mkono tu inakoelekea. Na kwa mtoto mdogo au asiyeweza kusema, mpimaji humulika jicho kwa retinoskopu, kifaa cha mkononi chenye taa, na kufuatilia mwendo wa mwanga unaorudi, bila kuuliza neno. Naamini kila mwanafunzi wa optometria, yaani taaluma ya kupima macho, afundishwe kwanza kumwamkia bibi wa Mbagala na kumweleza kipimo kwa heshima, kisha amjaribishie miwani ya kuonea karibu kwa kutunga uzi kwenye sindano au kuchambua mchele.