Zip yenye paswedi, na mengine mnayoamini kuhusu rekodi za mahojiano

"Usijali, zip ina paswedi." Hii sentensi nimeisikia kwa wanafunzi, nimeisikia kwa wasimamizi wao, na nimeisikia hata kwa watu waliomsainia mhojiwa karatasi kwamba sauti yake haitatoka nje ya timu. Jamani, kuwepo kwa paswedi peke yake hakuniambii kitu, ninachotaka kujua ni hiyo zip imefungwa kwa njia gani, na nikiuliza hivyo watu wengi wananyamaza maana programu yenyewe haikuwauliza.

Ukifungua 7-Zip, ile programu ya kubana na kufunga mafaili, ukachagua fomati ya zip na kuandika paswedi, njia inayokuja yenyewe bila wewe kuigusa ni ZipCrypto, na ile amri ya zip -e kwenye Mac na Linux nayo ni hiyohiyo. ZipCrypto ni ya zamani mno, Eli Biham na Paul Kocher walishaonyesha namna ya kuivunja mwaka 1994, na njia yao haihangaiki kukisia paswedi hata kidogo. Mvunjaji anachohitaji ni kujua kipande kidogo cha kilichomo ndani ya faili, na kwa programu za bure za siku hizi baiti 12 zinatosha. Sasa angalia WAV nyingi (mafaili ya sauti isiyobanwa) zinavyoanza: herufi RIFF, halafu ukubwa wa faili, halafu WAVE, halafu fmt, halafu namba za kusema ni mono au stereo na ni sampuli ngapi kwa sekunde. Hayo yote mtu anayajua kabla hajaiona rekodi yako, na ukubwa wenyewe umeandikwa wazi kwenye zip. Kwa hiyo kama ulichagua kuweka bila kubana (na wengi mnachagua hivyo kwa sababu inamaliza haraka) umemkabidhi kila anachohitaji, na paswedi iwe na herufi 8 au 40 ni yaleyale.

Haya, umebadilisha ukaweka AES-256, njia ya kufunga iliyo imara zaidi, hapo umepiga hatua kweli. Ila zip hata ikiwa na AES-256 haifichi majina ya mafaili!! Ifungue bila kuandika paswedi, orodha yote inakuja: jina, tarehe, ukubwa. Nimeshapokea zip iliyofungwa vizuri kabisa, paswedi ndefu, AES-256, na ndani kuna faili linaitwa mahojiano_mke_wa_mwenyekiti_ukimwi.wav. Mtu akishasoma hilo jina hana haja ya kusikiliza chochote, yule mama ameshaanikwa. Hata ukubwa unasema mambo, WAV ya sampuli 44,100, biti 16, stereo inakula baiti 176,400 kwa sekunde, gawanya tu utajua waliongea dakika ngapi.

Ushauri wangu, na huu siuachi: tumia 7z, fomati nyingine ya 7-Zip hiyohiyo, achana na zip. Kwenye 7z njia ya kufunga ni AES-256 tu, hakuna ya kukosea, na kuna kiboksi cha kuficha majina ya mafaili, kiwekee tiki mwenyewe kwa sababu hakiji na tiki. Tena 7z inaizungusha paswedi kwenye hesabu mara 524,288 kabla ya kupata ufunguo wakati zip ya AES inazungusha mara 1,000, yaani anayekisia paswedi kwenye 7z anakwama sana. Na majina ya mafaili yawe P014, P015, basi, ile orodha ya P014 ni nani ikae kwingine kabisa, imefungwa kivyake.

Halafu kuna hili la kuandika paswedi kwenye imeili ileile iliyobeba faili. Akiingia mtu kwenye hilo boksi amekuta mlango na ufunguo pamoja. Piga simu uitaje, ni dakika moja.

"Nikizip WAV itapungua." Inapungua kidogo tu. Zip inatafuta baiti zinazojirudia na sauti ya mtu akiongea haijirudii hivyo. Tumia FLAC, fomati ya kubana sauti bila kupoteza kitu, yenyewe inakisia sampuli inayofuata kutokana na zilizotangulia halafu inatunza tofauti tu, mara nyingi faili linashuka hadi karibu nusu, na ukilirudisha kuwa WAV kila sampuli inarudi ilivyokuwa. Rekodi ya saa nzima ya hiyo stereo niliyotaja ni kama MB 635, kwa hiyo nusu yake sio kitu kidogo kwa anayetuma kwa bando. Tena ndani ya FLAC kuna MD5 (namba ya kukagulia) ya sauti yenyewe, ukiandika amri ya flac -t inakwambia kama faili limeharibika. Kama rekoda yako inaandika muda na maelezo ndani ya WAV, ongeza --keep-foreign-metadata wakati wa kugeuza, la sivyo yanabaki nyuma.

"Nilirekodi MP3 ila nimeigeuza WAV, ubora umerudi." Haujarudi. MP3 inatupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, na kilichotupwa kimetupwa, umeongeza ukubwa tu.

"Nafunga kwanza halafu nabana." Ni kinyume. Data ikishasimbwa inaonekana kama vurugu tupu, hakuna cha kubana tena. FLAC kwanza, 7z baadaye.

"Nimekata pale alipotaja jina, sasa rekodi haina utambulisho." Sauti yake je? Jirani yake akisikia sekunde tano anamjua. Iendelee kufungwa kama zingine.

"Ipo Google Drive, bekapu ninayo." Folda inayojisawazisha inafuata unachofanya, ukifuta kwenye laptopu inafutika na huko, inakaa kwenye takataka siku 30 halafu kwaheri. Weka nakala nyingine kwenye diski ya nje ambayo haishindi imechomekwa.

"Nikisahau paswedi kuna fundi atafungua." Hakuna. AES-256 yenye paswedi nzuri haina fundi, unaweza kuwa na faili kwenye diski tatu na bado rekodi umezipoteza. Itunze kwenye KeePassXC, programu ya kutunzia paswedi, na mtu wa pili kwenye timu awe nayo pia. Na kabla hujafuta chochote kwenye rekoda, chukua ile 7z, ifungue kwenye kompyuta nyingine kwa paswedi kama ulivyoitunza, piga flac -t kwenye kila faili, zikisema ok zote ndipo ufute.