Kuchemsha sio kusterilaizi jamani

Naandika hii maana nimechoka kuirudia kwa mdomo. Kusterilaizi ni kuua vijidudu vyote kwenye kifaa, asibaki hata mmoja. Ukimuuliza mtu vifaa vyako umesterilaizi vipi anakujibu kwa kujiamini kabisa, "nimechemsha nusu saa nzima, hamna kitu kinachobaki hai humo." Kinabaki. Na sio wenye saluni na watoboa masikio peke yao, hadi wahudumu wa afya waliokaa darasani wakafundishwa, jibu ni hilohilo.

Maji yakichemka yanafika digrii 100 basi, uongeze moto usiongeze hayapandi tena, unapata mvuke mwingi tu. Ukiwa milimani huko juu yanachemka hata kabla ya kufika 100. Joto hilo linaua bakteria walio kwenye hali ya kawaida, virusi wengi, fangasi, hapo sibishani na mtu. Kazi ipo kwenye spora. Bakteria kama wa pepopunda na wa botulizimu mazingira yakiwabana wanajifungia ndani ya spora, zina maji kidogo sana ndani na ganda la matabaka, na nyingine zinakaa kwenye maji yanayochemka masaa kadhaa halafu zikipata jeraha zuri lisilo na hewa zinaamka kama kawa. Ferdinand Cohn alishaeleza habari ya spora zinazostahimili kuchemshwa mwaka 1876, yani karibu miaka 150 sasa na bado mtu ananitolea sufuria.

Ndo maana Charles Chamberland akatengeneza otoklevu, mashine ya kusterilaizi kwa mvuke, 1879. Pale mvuke unafungiwa kwa presha, ukifika kama psi 15 (psi ni kipimo cha presha) juu ya presha ya hewa joto linakuwa digrii 121, na linashikiliwa hapo angalau dakika 15, vifaa vikiwa vimefungwa kwenye kitambaa au karatasi wengi tunaenda 30. Dakika zinahesabiwa joto likishafika, sio ulipobonyeza swichi! Na hewa lazima itoke kwanza, ikibaki ndani geji inakuonyesha presha safi kabisa kumbe joto halijafika. Usishindilie vifaa pia, mvuke usipokigusa kifaa hicho hakijasterilaiziwa hata ukae nacho humo mchana kutwa. Ile tepu inayobadilika rangi inakwambia tu paketi imepita kwenye joto, haikwambii spora zimekufa, kujua hilo unaweka kipimo chenye spora za bakteria sugu kwa joto aitwaye Geobacillus stearothermophilus halafu unaangalia kama zitaota.

Kama huna otoklevu kuna oveni ya joto kavu, digrii 160 kwa masaa 2 au 170 kwa saa 1, ila hiyo ni ya vyuma na vioo, ukiweka mpira utaokota uji. Au nunua vya kutumia mara moja utupe, mi ndo ushauri wangu wa kila siku kwa sindano na viwembe, hapo sitaki hata mjadala. Kuchemsha kuna kazi yake, chupa ya mtoto chemsha tu haina shida. Angalia kifaa kinaenda wapi, kikiingia kwenye nyama au damu kinatakiwa kiwe sterile, kinachogusa tu ngozi isiyo na jeraha kikisafishwa vizuri na kupakwa dawa kinatosha.

Halafu kuna hili la kuloweka vifaa vyenye damu kwenye jiki kabla ya kuosha. Zamani tulifundishwa hivyo kweli, ila Shirika la Afya Duniani (WHO) sasa hivi hawashauri, klorini inamalizwa na damu kabla haijafika kwa vijidudu, na vyuma vinaliwa na kutu. Weka unyevu visikaukie, vaa glavu nzito, sugua kwa brashi na sabuni ukiwa umevizamisha kwenye maji yasikurukie. Brashi! Uchafu uliogandia unawakinga vijidudu wasifikiwe na mvuke wala dawa, usipoanza na brashi hayo mengine yote unajisumbua.

Spiriti ya asilimia 95 eti ni kali kuliko ya 70. Hapana, ya 70 inaua vizuri zaidi kwa sababu protini inahitaji maji kidogo ili iharibike. Na spiriti yoyote ile haiui spora, kwahiyo kuifuta fosepsi (koleo la kushikia) kwa pamba yenye spiriti haijawa sterile.

Jiki nyingi ndo bora? Ile ya asilimia 5 ukichanganya kipimo kimoja na maji vipimo tisa unapata 0.5, inatosha kwa sehemu iliyomwagikiwa damu ukishaifuta, halafu iache imelowa dakika kumi, wengi wanapuliza wanafuta hapohapo. Changanya mpya kila siku. Na usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini, mapafu yako yatakueleza.

Vile viboksi vya taa ya UV (mionzi ya urujuanimno) watu wanavyowekea vifaa, mwanga unaua pale unapogusa tu, mkasi uliofungwa kwenye maungio hamna kilichofanyika, na kama una mafuta au nywele ndo kabisa.

Friza nayo haiui, inalaza tu. Maabara bakteria tunaowataka wawe hai tunawahifadhi kwenye digrii hasi 80, miaka na miaka.